Bafle ya Pili katika Gari la Bwana Athumani

Mwezi uliopita tulimzika Wilondja huko Makobola. Nililiona kaburi likichimbwa, nikatupa udongo wangu, na hayo nayathibitisha. Siku ya pili ya matanga, nikiwa nimeketi chini ya turubai pamoja na wazee wenzangu, kijana mmoja alipewa kipaza sauti, akawasimulia waombolezaji kwamba zamani marehemu aliiba spika ya gari la tajiri mmoja wa Uvira, kwamba mimi, mwalimu, nilimsamehe na kumrudisha kazini, na kwamba tangu hapo akawa mtu mwema mpaka kufa kwake. Watu wakaitikia amina. Kijana yule hakuwa amezaliwa wakati huo. Alisimulia alichokisikia kwa mtu aliyekisikia kwa mtu mwingine, na mtu wa kwanza kabisa katika mnyororo huo, naandika hili bila kujificha, ni mimi. Nilisimama ili nimsahihishe. Mzee wa kanisa akanishika mkono, akaninong'oneza: "Papa Mwalimu, leo hapana. Bantu iko nalia." Nikaketi. Kwa kuwa siku ile sikusema, leo naandika. Nitaandika niliyoyaona kwa macho na kuyashika kwa mikono. Pale nitakapolazimika kutaja nililolisikia tu, nitasema kwamba nimelisikia, na msomaji alipime mwenyewe.

Mwaka wa kisa hicho nilikuwa na miaka ishirini na miwili, bado sijawa mwalimu. Nilikuwa nimetoka shule ya ufundi, idara ya umeme, nikiwa na diploma ambayo niliitembeza kila mahali ndani ya bahasha ya kaki, hata nilipokwenda kununua sabuni. Mzee Ramazani alinipokea katika karakana yake ya Mulongwe, hapo Uvira. Ilikuwa chumba kimoja cha matofali chenye mlango unaotazama mto, na ukutani, usawa wa goti, kulikuwa na mstari wa matope ulioachwa na mafuriko ya zamani. Kwa sababu ya mstari huo kila kitu chenye thamani kilining'inizwa juu: redio zilizosubiri kupona, koili za waya, hata msala wa Mzee. Palinuka lehemu na vumbi lililopashwa moto. Mzee Ramazani alikuwa mwembamba, mwenye kofia ya mkono na miwani iliyofungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Nilihesabu mara nyingi saa nzima zikapita bila yeye kutamka neno. Fundi mwingine alikuwa Wilondja, aliyenizidi miaka mitatu. Alikuwa ameacha shule mapema, mtoto wa wavuvi, na mkono wake ulikuwa safi kuliko wangu. Lehemu yake iling'aa kama tone la maji. Yangu ilifanana na kinyesi cha mbuzi. Maneno hayo ni yake.

Mchana mke wa Mzee alituletea sinia moja la bugali wa muhogo, na bakuli la ndagala, dagaa wetu wa ziwani, waliokaangwa kwa nyanya na pilipili. Tulikula tukiwa tumechuchumaa watatu, na hapo ndipo Wilondja alipopenda kunichokoza.

"Yaya, ile diplome yako," aliniuliza siku moja, akiniita kaka mkubwa ingawa yeye ndiye aliyenizidi, "tukiipakia mafuta, inaweza kukaanga hata ndagala mbili?"

"Kula, nyamaza," Mzee alisema.

"Niko nauliza tu, Papa. Sababu iko inalala mu bahasha kama maiti."

Nilicheka, lakini sikupenda. Nakiri hilo kwa sababu lina uzito katika yatakayofuata.

Bwana Athumani alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, wa ukoo wa Waislamu wa siku nyingi wa mji wetu, na alikuwa na gari jeupe lenye mgongo mrefu lililokodishwa kwa harusi. Mwaka uliotangulia Mzee Ramazani alikuwa amemfungia humo kikuza sauti na bafle moja. Nasema bafle kwa maana tunayoijua huku: sanduku la mbao lenye spika kubwa ndani, la kutoa ile sauti nzito ya chini, na wengine huita hivyo hata spika yenyewe. Sasa gari jingine lilikuwa limetokea mjini lenye mngurumo mkubwa zaidi, na familia zikaanza kulipendelea. Mpwa wake, binti wa dada yake, alikuwa aolewe Jumamosi, na Bwana Athumani hakuwa tayari kuona harusi ya nyumbani mwake ikiongozwa na gari la mtu mwingine. Akaja karakanani na spika mpya aliyoinunua Bujumbura, pacha wa ile ya kwanza, ameibeba kifuani kama mtoto mchanga.

"Minye sitaki makelele," alisema. "Makelele niko nayo. Nataka ile kintu ya kupiga mu tumbo. Tukiwa Kavimvira, bantu ya Kalundu iulize: nani anaoa?" Hiyo ni miisho miwili ya mji wetu.

Aliongeza kwamba huko Bujumbura ameambiwa spika mbili hupiga mara nne ya moja. Nilimjibu, kwa sauti ya mtu mwenye bahasha, kwamba mambo hayo hayajuliwi kwa kuambiwa, hujuliwa kwa hesabu. Nikachukua karatasi, nikakokotoa ukinzani wa spika mbili zikiunganishwa sambamba, nikaonyesha kwamba kikuza sauti kingestahimili. Hesabu ile ilikuwa sahihi. Nimeirudia mara nyingi tangu siku hiyo.

Kazi tuliigawana. Wilondja alitengeneza sanduku: akapima mbao, akakata kwa msumeno mwembamba tundu la duara la kuingizia spika, akalehemu waya mbili kwenye spika, akazitoa nyuma kupitia kitundu kidogo, kisha akagundisha mbao na kufunika uso wa sanduku kwa wavu wa chuma na kitambaa cheusi. Jumatano jioni likawa tayari. Alhamisi mimi nikaliingiza nyuma ya gari, likakaa bega kwa bega na lile la kwanza, nikaunganisha waya zake kwenye kikuza sauti. Waya zetu zote zilikuwa za rangi moja, nyeusi, kwa kuwa tulizichambua kutoka katika kebo kuukuu. Ili kutofautisha chanya na hasi tulifunga fundo dogo kwenye waya mmoja. Mzee Ramazani alinifundisha siku yangu ya kwanza: wenye fundo ni wa moto, yaani chanya. Niliuona wenye fundo ukitoka katika sanduku la Wilondja, nikauunganisha kwenye chanya. Wala sikumuuliza mtu, na wala hakuna aliyeniambia niulize.

Alasiri ile tukawasha. Bwana Athumani alikuwepo, na dereva wake, na Mzee, na Wilondja, na jirani yetu fundi viatu aliyeacha kazi yake ili aje asikie. Kaseti ikazunguka. Sauti ya mwimbaji ilisikika vizuri, magitaa vizuri, ngoma hazikuwepo. Ule uzito ambao bafle moja iliutoa mpaka jana ulikuwa umetoweka. Niliongeza sauti, mwimbaji akapiga kelele zaidi, na chini yake palikuwa patupu.

"Ilikuwa moja, ikanguruma kama dume," Bwana Athumani akasema polepole. "Sasa iko mbili, zinaongea kama bibi harusi mbele ya wakwe."

Fundi viatu alicheka peke yake. Bwana Athumani akaendelea, safari hii bila mzaha. Alileta spika nzima, alisema, ililala karakanani siku tatu, imetoka maiti. Aliyebadilisha ni nani? Na aliyefunga mlango jana ni nani?

"Minye njo nilifunga," Wilondja akajibu, akimaanisha ndiye yeye. "Spika yako iko humo. Ningeichukua niipeleke wapi, Papa? Niiweke mu mtumbwi, niimbie samaki?"

Mzee Ramazani hakumtazama. Alinitazama mimi. "Weye ulikuwa hapa jana jioni. Alitoka na kintu?"

"Alitoka na gunia," nilisema. Hilo nililiona.

"Mu gunia mulikuwa nini?"

Sasa nieleze nililokuwa nalijua. Asubuhi ile Mama Furaha, aliyeuza mikate kando ya mlango wetu, aliniambia kwamba jana Wilondja alipita darajani na bafle ndani ya gunia, umbo lake la duara likionekana wazi. Basi. Sikuwa na kitu kingine zaidi ya maneno hayo.

"Bafle," nikasema.

"Uliona, ao ulisikia?"

"Niliona."

Nimekuwa na miaka mingi ya kuchunguza neno hilo moja, na sababu yake naijua. Sikumchukia Wilondja, na sikuitaka nafasi yake. Lakini kama spika ilikuwa nzima, basi kosa lilikuwa katika kazi yangu, katika karatasi niliyoionyesha kwa majivuno. Na kama spika ilikuwa imeibwa, hesabu yangu ilibaki safi. Nilichagua hesabu. Wilondja alinikodolea macho, si kwa hasira, bali kama mtu anayesoma saa ya ukutani na kuona mishale imesimama. Akalivaa shati lake, akaliacha koleo lake mezani. "Sawa," alisema. "Diplome imesema." Akatoka.

Ijumaa asubuhi niliwaona wateja watatu wakija kuchukua redio ambazo Wilondja alikwisha kuzitengeneza. Hawakuziwasha kwanza. Walizigeuza, wakaomba nizifungue mbele yao, wachungulie kama vya ndani vimetimia. Mmoja alileta mkwewe awe shahidi. Katika kazi yetu mtu hukuachia kitu chake kikiwa kimefungwa, na haoni unachokifanya ndani. Akianza kutaka kuchungulia, huna kazi tena. Nilielewa kwamba kwa usiku mmoja jina la Wilondja lilikuwa limekwisha kufika mahali ambapo miguu yake isingelifikia ili kulitetea. Nilikwenda kwa Mama Furaha, nikamwuliza kama aliiona bafle yenyewe.

"Minye? Hapana. Niliona gunia. Bale bavijana ya pa daraja njo walisema iko bafle."

"Na wao waliona?"

"Sasa weye nawe! Si walisema?"

Hiyo ndiyo tunayoiita redio-trotwari, redio ya kando ya barabara, yaani uvumi. Leo vijana wanayo ndani ya simu, nami huwaambia wajukuu wangu kwamba simu haikuileta, iliikuta.

Mzee alikuwa ameniagiza niling'oe sanduku la pili ili lirudishwe kwa mwenyewe, kisha akaenda msikitini kwa sala ya Ijumaa. Nikabaki peke yangu na gari, lililokuwa limeachwa mlangoni. Nikawasha kaseti, nikazifungua waya za bafle ya pili huku ikizunguka, nikasikia bafle ya kwanza ikinguruma kama zamani. Nilishangaa. Nikaichomoa hiyo ya kwanza, nikaiunganisha ya pili peke yake. Makopo ya misumari rafuni yakatetemeka. Iliyodaiwa kuwa maiti ilipiga sawasawa na mwenzake. Nikaziunganisha zote mbili: ule uzito ukatoweka. Moja moja zilikuwa hai, pamoja zilikufa. Niliketi kwenye ukingo wa gari, na kile ambacho mwalimu wetu alikichora ubaoni kikanirudia: spika moja inaposukuma hewa, nyingine ikivuta, kila moja inakula jasho la mwenzake. Nikang'oa kitambaa na wavu, nikatoa skrubu, nikaitoa spika. Ilikuwa ile ile ya Bujumbura, na kibandiko chake. Waya wenye fundo ulikuwa umelehemiwa, kwa lehemu inayong'aa, kwenye mguu usio na doa jekundu, ule wa hasi. Nikarudisha kila kitu, nikazibadilisha nafasi waya zake mbili kwenye kikuza sauti, nikawasha. Vumbi lilianguka kutoka darini. Nilizima haraka, kama mwizi.

Hata kama kuna aliyesikia mngurumo, aliyejua maana yake ni mimi peke yangu. Ningeweza kusema nimeitengeneza, na Bwana Athumani asingeuliza zaidi. Na Wilondja angebaki mwizi, aliyeogopa akairudisha spika. Wazo hilo nilikuwa nalo, nalitaja kwa sababu ni kweli. Kisha nikachukua baiskeli, nikashika barabara ya Fizi, ziwa likiwa kushoto kwangu na milima kulia, mpaka Makobola.

Nilimkuta Wilondja nje ya nyumba ya mama yake, akiwa amenyoosha wavu magotini na kuziba matundu pamoja na mjomba wake. Hakuinuka. Sikuwa na ujasiri wa kuanza na lililokuwa kubwa, nikaanza na waya.

"Fundo," nikamwambia. "Ukifunga fundo kwenye waya, unafunga upande gani?"

"Ule wa masi, ule hasi. Ule wa kurudi." Aliniinulia ncha ya kamba ya wavu. "Angalia. Ncha moja inaenda mu maji, moja inabakia mu mukono. Unafunga ile ya kubakia, sababu mu giza macho haioni, vidole njo vinaona. Waya iko vile vile. Ya moto njo inaenda, ya masi njo inabakia."

"Kwa Mzee tunafunga ya moto."

"Nani aliniambia?"

Kwa kweli hakuna aliyemwambia. Kila kazi aliyoifanya kabla ya hapo aliianza na kuimaliza mwenyewe, kwa hiyo fundo lake halikuwahi kukutana na mkono wa mwingine. Mjomba ndiye aliyecheka kwanza, kisha Wilondja, kisha mimi. "Kwa hiyo moja inasukuma, moja inavuta!" Wilondja alisema, akipiga goti. "Kama mimi na mjomba mu mtumbwi!" Nilimwacha acheke, halafu nikamwambia: "Jana nilisema niliona. Sikuona."

Kicheko kilikoma. "Najua hukuona," alijibu. "Minye njo nilikuwa na ile gunia."

"Nimekuja kukuambia."

"Kuniambia minye iko kama kumwambia samaki kwamba ziwa iko na maji. Enda uambie bale walisikia."

Kutoka jikoni sauti ya mama yake ilisema: "Huyu njo yule mwenye aliona?"

"Njo yeye, mama."

"Basi ale kwanza."

Niliingia. Jiko lilikuwa jeusi kwa moshi, na kando ya mafiga palirundikwa vipande vya mbao za sanduku letu. Niliitambua mistari ya penseli ya Wilondja. Gunia lilitandikwa sakafuni, mama akanionyesha niketi juu yake. Chungu cha mukeke kilikuwa kimefunikwa kwa kifuniko cha mbao, cha duara kamili, kilichokatwa kwa msumeno mwembamba: kile kipande kilichotoka katika tundu la spika. Hiyo ndiyo bafle iliyoonekana darajani. Mama alikifunua, akanipakulia samaki mzima, akanitazama mpaka nilipommaliza. Nimekula katika nyumba nyingi tangu wakati ule, na sijawahi kutafuna polepole kama siku hiyo.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwa Bwana Athumani. Ua ulijaa masufuria ya pilau na wanawake waliomenya vitunguu. Sebuleni walikuwamo yeye, dereva, Mzee Ramazani na, kwa bahati, fundi viatu, aliyekuja kuleta viatu vya bwana harusi. Nilisema nikiwa nimesimama. Nilisema spika haikuguswa, waya ziliunganishwa kinyume kwa sababu ya desturi mbili za fundo, na kwamba gunia nililiona lakini bafle sikuiona.

Mzee alivua miwani. "Nilikuuliza."

"Uliniuliza, Mzee."

"Ukanijibu."

"Nilikujibu uongo."

Akairudisha miwani usoni. Bwana Athumani alisubiri aone kama tumemaliza. "Kwa hiyo," akauliza, "zile bafle ziko nzuri? Zote mbili?"

"Zote mbili."

"Basi tufunge mutuka maua! Munanichelewesha!"

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Sikujiandaa kwa hilo. Uongo wangu ulikuwa umesikilizwa kwa masikio yote mawili, na ukweli wangu ulisikilizwa na mtu anayetafuta utepe. Mchana kutwa nikaenda nyumba kwa nyumba kwa wale wateja watatu, na kwa Mama Furaha, na kwa vijana wa darajani. Wengine walinielewa. Mama Furaha alitikisa kichwa: "Mm. Lakini panapofuka moshi..." Nikamkatiza, nikamwambia moshi ule niliuona, ulikuwa chini ya chungu cha mukeke. Nilipokuwa bado mlangoni kwake, msafara wa harusi ulipita barabara kuu. Besi ilinipiga tumboni, sawasawa na alivyotaka mwenyewe. Kwamba ilisikika Kalundu nimeambiwa na watu wengi. Sikuwa Kalundu.

Jumatatu Wilondja alikuja kazini. Nimesikia kwamba Mzee Ramazani alituma mtu kumwomba. Nimesikia pia kwamba mama yake alimwamuru. Na tangu siku hiyo nimesikia, mpaka matangani, habari za msamaha. Yeye mwenyewe hakuwahi kuniambia kwamba amenisamehe, nami katika miaka yote iliyofuata sikuwahi kumwuliza, kwa hiyo jambo hilo siwezi kuliandika, na ninamwomba kila asomaye asilisimulie kwa niaba yangu. Na kwamba mimi nilimsamehe yeye ni upuuzi: hapakuwa na kosa.

Ninachoweza kukithibitisha ni hiki. Asubuhi ile, muda mfupi baada ya sisi kuketi mezani, mama mmoja ambaye sikumfahamu aliingia na redio ameifunga kwa kitenge. Alisimama upande wangu, akamtupia Wilondja jicho, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Huyu njo ule wa bafle?" Sikunong'ona. Nilimjibu kwa sauti ambayo hata fundi viatu aliisikia ng'ambo ya ukuta: "Njo yeye, mama. Hakuiba. Minye nilisema uongo." Wilondja aliendelea kupasha moto chuma chake cha kulehemia, hakuinua kichwa. Mama yule akazunguka meza, akaifungua kitenge, akaiweka mbele ya Wilondja. Wilondja akaigeuza, akapuliza vumbi mgongoni mwake, akamwuliza: "Ilianza lini kunyamaza, mama?" Yule mama akavuta kiti, akaketi, akaanza kumweleza.